Kuvuta makohozi kwenye tyubu: saa mbili zimefika, je, lazima?

Swali. Mama, salamu kutoka Goma. Mimi ni infirmie (muuguzi), huu ni mwaka wangu wa pili reanimasio, wodi ya wagonjwa mahututi. Tuna kijana aliyeanguka na pikipiki akaumia kichwa, yuko kwenye mashine ya kupumulia kwa tyubu, mrija uliopitishwa mdomoni hadi njia ya hewa, namba 7, yaani upana wa ndani milimita 7. Kwenye karatasi yetu imeandikwa aspirasio, yaani kuvuta makohozi, kila saa mbili. Kila tukimvuta, saturasio (asilimia ya oksijeni kwenye damu) inatoka 95 inashuka mpaka 80, wakati mwingine chini ya hapo, na inakawia kurudi. Docta wa mchana anatuambia tumwage kwanza mililita 5 za serumu ya chumvi ndani ya tyubu ili makohozi yalainike. Docta wa usiku hataki hata kulisikia hilo. Sisi tulio katikati tufuate nani? Na hiyo saturasio tuizuie vipi isianguke?

Jibu. Mdogo wangu, pole na kazi. Kuhusu serumu, docta wa usiku yuko sahihi, na nitasema kwa nini. Ila hata mkiiacha leo hii, saturasio itaendelea kuanguka, maana tatizo kubwa liko kwenye ile karatasi.

Saa mbili ni muda wa kumkagua mgonjwa. Kumvuta ni jambo jingine. Sonda, ule mrija mwembamba wa kuvutia, ikiingia haitoi makohozi peke yake, inatoa na hewa iliyomo mapafuni, na vifuko vya hewa vilivyokuwa wazi vinajikunja. Inakwaruza ukuta wa njia ya hewa mpaka unatoa damu. Inaweza kugusa neva inayopunguza mapigo ya moyo, ukaona namba kwenye monita inatoka 90 inafika 45 mbele ya macho yako. Ukimvuta mtu ambaye hana makohozi, umemlipisha yote hayo na hukupata kitu. Ndiyo maana miongozo ya Chama cha Marekani cha Tiba ya Upumuaji, ule wa 2010 na ule wa 2022, inataka avutwe mgonjwa mwenye dalili, na saa ya ukutani haimo kwenye dalili hizo. Mwombeni daktari mkuu abadilishe maandishi: kukagua kila saa mbili, kuvuta pakiwa na sababu.

Sababu zenyewe unazijua, ila tuzipitie. Makohozi unayoyaona kwa macho ndani ya tyubu. Mkoromo unaousikia ukiweka stetoskopu juu ya koo, sehemu ya chini ya shingo. Hapo panasema kweli kuliko kifuani. Mgonjwa anakohoa dhidi ya mashine. Saturasio inashuka yenyewe bila mtu kumgusa. Halafu tazama mashine: kama mmeiweka kwa kiasi cha hewa, shinikizo la juu litapanda, kama mmeiweka kwa shinikizo, kiasi cha hewa kitapungua. Mstari wa mtiririko wa hewa ukiwa na meno kama ya msumeno, makohozi yapo. Lakini kabla hujachukua sonda, angalia mabomba. Maji yaliyokusanyika ndani ya bomba yanachora meno yale yale, na nimeona wagonjwa wakivutwa bure usiku kucha kwa sababu ya kijiko cha maji kilicholala kwenye mkunjo wa bomba.

Kuna na upande wa mfuko. Kila saa mbili ni mara 12 kwa siku, yaani sonda 12, na kwetu huku sonda inanunuliwa na familia kwenye famasi ya nje. Siku ya tatu pesa zinaisha. Hapo ndipo inapozaliwa ile chupa ya serumu kando ya kitanda, sonda moja imezamishwa humo, inatumika asubuhi mpaka jioni. Maji ya chupa ile yakikaa saa chache ni shamba la vijidudu, na mnavipeleka moja kwa moja mapafuni. Mkipunguza kuvuta ovyo, sonda mpya kila mara inawezekana hata kwa familia isiyo na kitu.

Sasa saturasio.

Hujaniambia mnatumia sonda namba ngapi, na hapo ndipo ningeanza kuchunguza. Sonda isizidi nusu ya upana wa ndani wa tyubu. Namba ya sonda ukiigawa kwa 3 unapata upana wake kwa milimita. Namba 14, yenye kichwa cha kijani, ina karibu milimita 4.7, ndani ya tyubu ya 7 inaziba theluthi mbili ya upana. Hewa ya kupita pembeni inabaki kidogo, kwa hiyo unavuta pafu lenyewe. Kwa tyubu ya 7 chukua namba 10, kichwa cheusi. Kwa tyubu ya 8, namba 12, kichwa cheupe. Najua famasi nyingi zina kijani tupu, na muuzaji atamwambia mama wa mgonjwa kwamba zote ni sawa. Mwandikieni namba na rangi kwenye kikaratasi kabla hajaenda.

Cha pili ni nguvu ya kuvuta. Ziba mdomo wa bomba la aspirateri, mashine ya kuvutia, kwa kidole, soma mita. Anza kati ya milimita 80 na 120 za zebaki; ikishindikana nenda 150. Mwongozo wa 2022 unaruhusu chini ya 200 kwa mtu mzima, lakini huko usikimbilie. Mashine nyingi tulizopewa kama msaada zinasoma kwa vipimo vingine, kwa hiyo bandika karatasi juu yake: 150 ni sawa na kilopaskali 20, au bar 0.2. Nimekuta aspirateri imefunguliwa mpaka mwisho kwa imani kwamba nguvu nyingi inamaliza kazi upesi. Inachomaliza upesi ni hewa ya mgonjwa.

Cha tatu, mnamchomoa kwenye mashine? Ukitenganisha bomba na tyubu, PEP, shinikizo ambalo mashine inaliacha mapafuni mwisho wa kila pumzi, yote inapotea papo hapo, na mapafu yaliyokuwa yameshikiliwa wazi yanafunga hata kabla sonda haijaingia. Kile kiungo chenye mikunjo kilicho kati ya tyubu na mabomba mara nyingi kina kifuniko kidogo juu. Fungua hicho, pitisha sonda hapo, mashine iendelee kupumulisha. Mfumo uliofungwa, ile sonda iliyo ndani ya mfuko wa plastiki, ni mzuri zaidi kwa mwenye PEP kubwa, ukipatikana.

Cha nne ni oksijeni ya kabla. Pandisha FiO2, asilimia ya oksijeni kwenye hewa anayopewa, mpaka 100 kwa sekunde 30 hadi dakika moja kabla, na dakika moja baada. Hapa inabidi ujue oksijeni yenu inatoka wapi. Ikitoka kwenye mtungi, sawa. Ikitoka kwenye konsantrateri, mashine inayochuja oksijeni kutoka hewani, yenyewe inatoa kama asilimia 93 ikiwa nzima, kwa hiyo hata ukibonyeza 100 hutaipata. Basi mpe muda mrefu kidogo zaidi, na mtungi mmoja uwe karibu kwa ajili ya kazi hii. Mkitumia balo, mfuko wa kumpumulisha kwa mkono, hakikisha mfuko wake wa akiba nyuma upo na umejaa. Balo lisilo na mfuko huo linampa karibu nusu tu, na mifuko hiyo ndiyo inayopotea kwanza kwenye kila hospitali ninayoijua.

Nalikazania hili kwa sababu ya mahali tunapoishi. Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na nyumba zetu, Goma kama Bukavu, ziko juu yake. Hewa ya pwani ina shinikizo la milimita 760 za zebaki. Ya kwetu ina kama 640. Ukiondoa mvuke wa maji na kuchukua asilimia 21, mtu wa pwani anavuta oksijeni yenye shinikizo la karibu 150, sisi karibu 125. Mzima hajali. Lakini mgonjwa mwenye 95 huku kwetu hana akiba kubwa nyuma yake, na saturasio ikishapita 90 kwenda chini inateremka kama pikipiki bila breki. Video nyingi za mafunzo zimerekodiwa kwenye miji ya pwani. Usishangae mgonjwa wako akianguka haraka kuliko wa kwenye video.

Mkono wenyewe: sonda inaingia bila kuvuta. Kina usikikisie. Chukua tyubu mpya ya namba 7, ile ya akiba inayotakiwa kuwa kando ya kitanda kila wakati, ilaze na pakiti yake sambamba na sonda, uone mwisho wa tyubu unafika alama gani. Kwa mgonjwa ongeza urefu wa kiungo, toka nje ya tyubu sentimita 1 au 2, basi. Kusukuma mpaka ugonge kisha kurudi ni kugonga mahali njia ya hewa inapogawanyika, na damu utakayoiona kwenye makohozi kesho utakuwa umeisababisha wewe. Ziba tundu la sonda unapotoka tu, na tangu kuingia hadi kutoka isizidi sekunde 15. Kama bado kuna makohozi, subiri namba irudi ilipokuwa ndipo uingie tena. Mdomo unavutwa mwisho, kwa sonda nyingine.

Kwa kijana wenu mwenye kichwa kuna nyongeza. Saturasio chini ya 90 inaumiza ubongo uliokwisha kuumia, kwa hiyo kumshusha mpaka 80 mara kadhaa kwa siku si kitu cha kuzoea. Upande mwingine, kukohoa na kujikakamua kunapandisha shinikizo ndani ya fuvu. Kichwa kiinuliwe nyuzi 30, shingo inyooke, isipinde hata kidogo, ili damu ya ubongo ishuke vizuri. Dawa ya usingizi au ya maumivu iliyoandikwa na docta itolewe kabla, ipate muda wa kufanya kazi. Ingia mara moja, mbili ikibidi. Kisha tazama mboni. Akiwa anatoka damu au maji puani au masikioni, sonda yoyote isipite puani. Na mwambie unachofanya, kwa jina lake, hata kama amelala kwa dawa.

Serumu, sasa. Makohozi mazito hayayeyuki kwa kumwagiwa maji. Ute na maji havichanganyiki kwa sekunde chache mnazompa. Sehemu kubwa ya zile mililita 5 hairudi kwenye sonda, inashuka mapafuni pamoja na utando wa vijidudu uliokuwa umeganda ndani ya tyubu. Anachofanya mgonjwa ni kukohoa kwa nguvu, ndiyo maana docta wa mchana anaona "imefanya kazi". Ili nisimwonee: upo utafiti wa Brazil uliochapishwa 2009 ambamo wagonjwa waliomwagiwa serumu walipata nimonia ya mashine kidogo kuliko wengine, kwa hiyo hakuzua jambo kichwani mwake. Lakini miongozo yote miwili niliyoitaja inakataa kuifanya kuwa desturi, na kwa mwenye jeraha la kichwa anayeanguka mpaka 80, mimi singeigusa.

Makohozi yakiwa mazito, dawa yake ni unyevu wa hewa. Oksijeni ya mtungi ni kavu kabisa, na tyubu imeiruka pua ambayo ndiyo hulainisha hewa. Je, pua bandia, kile kichujio kinachoshika unyevu wa pumzi yake na kumrudishia, ipo kwenye bomba, au iliondolewa siku ilipojaa makohozi na haikurudishwa? Ibadilisheni ikichafuka au muda wa mtengenezaji ukiisha. Ikiwa mnatumia chombo cha maji ya moto, pua bandia itoke, viwili haviendi pamoja. Kisha angalia hesabu ya maji ya mgonjwa: aliyekaushwa na dawa za kukojoa atakuwa na makohozi kama gundi, na hilo ni la kuzungumza na docta.

Saturasio ikishuka na kukataa kupanda, acha kuvuta, mpe 100, na ujiulize kwa mpangilio. Tyubu imetoka au imezama upande wa kulia? Soma alama ya sentimita mdomoni, sikiliza pande zote mbili. Imeziba? Sonda haipiti: usisukume kwa nguvu, hakikisha mgonjwa haing'ati tyubu kwa meno, mwite docta, na balo na barakoa viwe mkononi kwa sababu huenda ikabidi tyubu itoke. Hewa imevuja kifuani? Upande mmoja kimya, presha inaanguka. Mashine yenyewe? Mtoe, mpumulishe kwa balo. Akipanda, kosa lilikuwa la mashine au mabomba. Umeme ukikatika katikati ya kazi na jenereta ikachelewa, aspirateri ya mguu ndiyo mkombozi. Isipokuwepo, sirinji ya mililita 50 ikifungwa kwenye sonda inavuta kiasi cha kumvusha.

Kwa docta wa mchana, usiende na "docta wa usiku amesema". Mpelekee karatasi. Kila mara mnapomvuta andikeni sababu, saturasio ya kabla, ya chini kabisa, na muda iliochukua kurudi. Kisha wingi, rangi na uzito wa makohozi. Zamu chache tu zikiandikwa hivyo, bila serumu na kwa sonda namba 10, ataona mwenyewe. Na makohozi yakiongezeka, yakageuka manjano au kijani, homa ikapanda, chukueni sampuli kwa sonda mpya kabla antibiotiki haijaanza au kubadilishwa.