Jogoo wa kuchi, vifaranga wa upanga wa meno

SWALI: Shikamoo daktari. Niko Sikonge. Nilinunua jogoo wa kuchi, wale kuku warefu wa shingo wanaosimama wima, kwa dalali mjini Tabora, laki moja na nusu, nikamfungia na mitetea wangu wanne wa kuchi ambao kabla ya hapo walikuwa wakizurura na kuku wa jirani. Siku ya tano nikaanza kukusanya mayai ya kuatamisha. Vifaranga 20 wametoka, na watano wameota upanga (ile nyama nyekundu ya kichwani) wa meno kama kienyeji wa kawaida. Dalali anasema damu ya mitetea imechafuka, ninunue kwake dawa ya kuisafisha. Jogoo nataka kumpeleka maonyesho ya Nanenane pale Ipuli. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Dawa usinunue, na kama umeshanunua usimpe kuku yeyote. Nanenane ikikaribia kisa hiki naletewa kila mara, anayebadilika ni dalali tu.

Damu ya kuku haichafuki kwa kupandwa. Mtetea huhifadhi mbegu za jogoo ndani ya mrija wake wa uzazi, na mbegu hizo huendelea kurutubisha mayai kwa wiki mbili, wakati mwingine hadi tatu. Zikiisha, zimeisha, jogoo wa zamani hana chake tena. Wewe ulianza siku ya tano, kwa hiyo hao watano huenda baba yao bado anawika kwa jirani. Acha mitetea ndani na jogoo wako peke yake wiki tatu nzima, mayai ya siku hizo mle nyumbani, kisha ndipo uanze kuatamisha.

Jogoo naye simwachii huru. Kuchi wengi wana upanga mfupi uliobana kichwani. Upanga huo ndio wenye nguvu kwenye urithi: kifaranga akiupata upande mmoja tu, ndio utakaoonekana. Wa meno hujitokeza pale tu baba na mama wote wawili wameutoa, kwa hiyo hata mama wa hao watano wameubeba. Maana yake jogoo anaweza kuwa na kichwa kizuri cha kuchi huku amebeba upanga wa meno kimyakimya, na kwa kumtazama hutamjua hata umshike kutwa.

Mpime hivi. Mpe mitetea wa kienyeji wenye upanga wa meno, waliokaa bila jogoo wiki tatu. Akitoka hata kifaranga mmoja wa upanga wa meno, jogoo ni mchanganyiko. Wakitoka kumi, wote upanga mfupi, uwezekano kwamba anakudanganya uko chini ya mmoja kwa elfu. Hao kumi si wa mbegu, ni wa mchuzi. Na hapo umepima upanga peke yake. Urefu wa shingo, kusimama wima na ukubwa wa mifupa hutokana na vitu vingi, vinahitaji uwafuatilie watoto hadi wakomae.

Watu hawapendi jibu hili kwa sababu linachukua miezi. Wanataka jogoo wa kilo nne leo, kesho kibanda cha maonyesho. Chotara wa kuchi na Sasso hukua haraka kuliko kuchi halisi, anang'aa, anapigwa picha. Ila Sasso wa Ufaransa na Kuroiler wa India walitengenezwa kwa kuchanganya damu, na ukizalisha kutoka kwao kila kifaranga hutoka na sura yake. Jogoo wa namna hiyo wakisambazwa vijijini, atakayepotea ni singamagazi, kuku mkubwa wa Tabora yetu hii hii, ambaye watu wanamwacha wakikimbilia jina la kuchi.

Mgeni yeyote kutoka gulioni mtenge wiki mbili, na chanjo ya ugonjwa wa kideri wape waliobaki nyumbani kabla hajafika.

Hila nazo haziishi. Niliwahi kuuziwa kishingo, kuku wa shingo isiyo na manyoya. Kishingo wa kweli, pale shingoni palipo wazi ngozi haina visiki vya manyoya. Huyu nilipompitishia kidole gumba, visiki vya manyoya vikanichoma. Muuzaji akaniambia hizo ni chunusi.