Dalali yupi, bei gani? Majibu kwa mnaouza nyumba

Meseji za kuuza nyumba zimekuwa nyingi sana kwenye simu yangu, na karibu zote zinarudi palepale, nimkabidhi nani na nianzie na bei gani, kwa hiyo leo nimezikusanya nijibu kwa pamoja. Maswali marefu nimeyafupisha, mnisamehe.

Shikamoo dada. Tumeita madalali watatu waje waangalie nyumba yetu. Wawili wametaja bei zinazokaribiana, wa tatu ametaja karibu robo zaidi. Mume wangu anasema tumchukue huyo wa tatu maana anaonekana anaijua kazi. Unasemaje?

Marahaba mdogo wangu. Naomba kabla hamjasaini chochote mtulie kwanza, maana hapa ndipo watu wengi wanapoumia na mimi ni mmoja wao. Dalali hanunui nyumba yenu, kwa hiyo bei anayoitaja haimgharimu hata senti, anaweza kutaja yoyote. Kuna wanaotaja bei kubwa kwa makusudi ili wapate kazi, ukishasaini wanakaa kimya wiki tano sita halafu simu zinaanza, soko gumu, wateja wanalalamika, tushushe kidogo, tushushe tena. Tulipouza nyumba ya mama yangu tulimchukua aliyetaja bei tamu kuliko wote, nyumba ikakaa miezi minane, na mwisho tukauza chini ya ile bei ambayo wale wengine wawili walikuwa wameitaja siku ya kwanza. Mama alihesabu hizo pesa kabla hazijaja, nilimwonea huruma sana.

Kwa nini iliuzwa chini zaidi? Ni kwamba watu wanaotafuta nyumba kwa dhati wameshaona zote zilizopo, wanasubiri mpya tu, kwa hiyo nyumba yako inapata macho mengi zaidi wiki mbili tatu za mwanzo. Bei ikiwafukuza hawarudi, hata ukishusha baadaye wengi hawajui, na wapya wakiona tangazo limekaa miezi wanaanza kuulizana hii nyumba ina nini mbona imedoda.

Sasa fanyeni hivi. Waulizeni wote watatu swali moja: tuonyeshe nyumba tatu au nne zinazofanana na yetu, za maeneo ya karibu, ambazo ZIMEUZWA miezi ya karibuni, na ziliuzwa kwa bei gani. Siyo zilizotangazwa, zilizouzwa. Bei za kwenye matangazo ni matumaini ya wenye nyumba, na dalali akikuletea hizo tu basi hana ushahidi. Huyo wa tatu labda ana sababu ya kweli, mpeni nafasi aieleze. Akisema "nina mteja tayari anaitaka", mwambieni amlete, mumpe wiki moja kwa ajili ya huyo mteja mmoja tu, kwa maandishi.

Na kitu kingine, msitaje bei mnayoitamani kabla dalali hajataja yake. Mwaka 1987 kulitoka utafiti uliofanywa Tucson, Arizona, madalali walipelekwa kwenye nyumba ileile, wakapewa maelezo yaleyale, tofauti ikawa ni bei ya kutangazia tu. Walioonyeshwa bei kubwa waliithamini nyumba kwa bei kubwa, walioonyeshwa ndogo wakaithamini kidogo, na wengi wao walisema bei ile haikuwagusa. Hao ni watu wa kazi hiyo kabisa! Ukimwambia dalali unachotaka, anachokujibu ni mwangwi wa sauti yako mwenyewe.

Habari dada, mmoja anataka asilimia 2, mwingine 4. Si ni wazi wa 2?

Sio wazi hivyo kaka. Chukua nyumba ya 100, tuseme milioni 100. Wa asilimia 2 akiuza kwa 95 unabaki na 93 na kidogo, wa asilimia 4 akiuza kwa 100 unabaki na 96. Kwa hiyo swali la kwanza ni nani atauza vizuri, kamisheni inafuata. Lakini angalia pia upande wa pili, ile 5 ya ziada ambayo kwako ni pesa nyingi, dalali wa asilimia 4 anapata 0.2 tu kwenye hiyo. Kwake inalipa zaidi amalize leo ahamie nyumba nyingine kuliko akusubirishe wiki mbili upate hiyo 5. Simaanishi kwamba ni mtu mbaya, hesabu yake tu ndivyo ilivyo. Kuna utafiti wa mauzo karibu 100,000 ya nyumba za eneo la Chicago, Marekani, uliochapishwa 2008, ulikuta madalali wakiuza nyumba zao wenyewe wanapata takriban asilimia 3.7 zaidi na wanaziacha sokoni siku 9 au 10 zaidi kuliko wanapouza za wateja. Yaani kwa ya kwake anasubiri, kwa ya kwako anakuambia chukua.

Ndio maana mimi napenda kamisheni ya ngazi. Mkubaliane asilimia ndogo mpaka bei fulani ambayo ushahidi unaonyesha inawezekana, halafu kila kinachozidi hapo apate fungu nono, hata asilimia 10 au 15 ya hiyo ziada. Hapo na yeye ana sababu ya kukubembelezea bei. Sio wote watakubali ila kuuliza hakuna gharama.

Dalali ananiambia nimtajie tu bei ninayoitaka mkononi, kitakachozidi ni chake, sitamlipa kamisheni. Naona kama ni nafuu kwangu?

Hapana, tafadhali usikubali. Hii ya cha juu inaonekana nafuu kwa sababu hutoi hela mfukoni, lakini hela inatoka kwenye nyumba yako, ni wewe tu huioni. Kwanza kama hujui thamani ya nyumba yako umeshapigwa kabla ya kuanza, unasema 80 kumbe watu wangelipa 110, na yeye anaijua 110. Pili, ili cha juu kisijulikane lazima mnunuzi akae mbali na wewe, msiongee, msijuane, na kwenye biashara ya nyumba kufichana hivyo ni hatari. Tatu ndio linaloniuma zaidi. Anakuja mnunuzi ana 85, wewe ungefurahi kabisa, lakini dalali ameshapiga hesabu ya kuchukua 15 yake, basi anamwambia mnunuzi mwenye nyumba amekataa. Hutajua kamwe kwamba alikuja mtu.

Nimeshaona pia biashara ikivunjika dakika ya mwisho, mnunuzi na muuzaji wamekaa meza moja wanasaini, bei kwenye karatasi haifanani na aliyoambiwa mmoja wao, wote wawili wakanyanyuka kwa hasira. Majimbo mengi ya Marekani yamepiga marufuku mtindo huu. Mwambie dalali wako nitakulipa kamisheni inayoeleweka, imeandikwa, na kila ofa inayokuja niletewe mimi, kubwa na ndogo, siku hiyohiyo. Akikataa sharti hilo la ofa, achana naye.

Niwape madalali wengi au mmoja tu? Rafiki yangu amewapa saba.

Saba ni wengi mno. Kila mmoja ataweka tangazo lake na bei yake, mnunuzi ataiona nyumba moja mara saba kwa bei tofauti, atafuata ya chini kabisa na kutoka hapo anaanza kushusha. Na hakuna hata mmoja atakayetoa hela yake kwa picha nzuri wakati anajua kesho mwenzake anaweza kuuza yeye akabaki mikono mitupu, badala yake wote wanakimbilia kuleta mtu yeyote haraka.

Mimi ni wa dalali mmoja, ila mkataba ndio uwe mkali. Muda uwe mfupi, wiki 8 hadi 12 zinatosha kujua kama anafanya kazi, na iandikwe unaweza kutoka kwa notisi ya siku kadhaa. Soma vizuri inasemaje ukipata mnunuzi mwenyewe, jirani au mtu wa kazini, kwa sababu kuna mkataba wa kusema ni yeye tu ndiye dalali lakini wewe ukijiuzia hudaiwi, na kuna mwingine unaompa haki yote ya kuuza, hapo hata ukimuuzia dada yako kamisheni yake iko palepale. Maneno yanafanana sana, matokeo ni tofauti kabisa. Angalia pia kipengele cha baada ya mkataba, kwamba akinunua mtu aliyeletwa naye bado anadai. Hicho ni haki yake, ila kiwe na mwisho, na akupe orodha ya majina ya hao aliowaleta siku mnayoachana, vinginevyo unaweza kujikuta unadaiwa na madalali wawili kwa nyumba moja.

Mwanangu, mimi ni mstaafu. Nyumba hii nimeijenga kwa miaka kumi na moja, risiti zote ninazo. Madalali wananitajia bei ambayo hairudishi hata nilichotumia. Niuze hasara?

Shikamoo baba. Pole, na naelewa kwamba hapo hatuongelei hela peke yake. Lakini sitakudanganya, mnunuzi hanunui risiti zako. Analinganisha nyumba yako na nyingine anazoweza kupata wiki hii kwa hela aliyonayo, basi. Hauko peke yako, watafiti wawili walichunguza mauzo ya apatimenti za Boston miaka ya 1990 soko lilipokuwa limeanguka, wakakuta wenye kuona watapata hasara walitangaza bei za juu zaidi kuliko wenzao, kweli baadhi waliuza kwa bei ya juu kidogo, lakini nyumba zao zilichelewa sana kuuzwa.

Kwa hiyo swali sio ulitumia ngapi, swali ni je una haraka? Kama hakuna kinachokusukuma, baba, una haki kamili ya kusubiri au kuipangisha kwanza. Ila usiitangaze kwa bei ya risiti halafu ukae roho juu, bora isiwe sokoni kabisa. Na kama moyo haukubali maneno ya madalali, mlipe mthamini aliyesajiliwa aje aipime. Yeye analipwa ada yake iwe umeuza au hujauza, hana sababu ya kukupandishia wala kukushusha.

Miezi miwili sasa. Watu wanakuja kuona, wanasifia, wanaondoka. Nishushe bei?

Kwanza tofautisha. Kama hakuna anayekuja kabisa, tatizo ni bei au tangazo, picha zenye giza, vyumba havionekani, maelezo hayana ukubwa wala hali ya hati. Wanaokuja na kuondoka maana yake tangazo linafanya kazi, ila wakifika wanakuta kitu hakijafikia bei. Mwambie dalali awapigie watano wa mwisho awaulize wazi kilichowarudisha ni nini, na akuletee majibu kama yalivyo. Wakitaja kitu kimoja, unyevu kwenye ukuta, choo, njia ya kuingilia, rekebisha hicho kwanza kama kinarekebishika kwa gharama ndogo. Wakisema bei, shusha mara moja kushuka kwa kweli, usimege kidogo kidogo kila wiki, maana wanaofuatilia wataona unateremka na watakusubiri chini.

Angalia pia wanavyotafuta. Kwenye intaneti watu wanaweka kikomo, mwisho 100. Wewe ukiwa 102 hawakuoni hata kama bei ina maongezi na ungekubali 97.

Tangazo lina siku nne tu na nimepata ofa ya bei kamili. Nimetangaza chini?

Pengine hapana, pengine umepatia tu. Usiikubali saa hiyohiyo wala usiikatae. Dalali awaambie wote waliokwisha kuona kwamba kuna ofa, siku mbili tatu za kujibu, halafu mkague huyu wa kwanza hela yake iko wapi, ni taslimu au ni mkopo, na kama mkopo benki imeshamkubalia au ndo kwanza anaenda kuomba. Ofa ndogo kidogo ya mtu ambaye hela anayo inaweza kuwa bora kuliko hii.

Shemeji yangu ni dalali, familia inasema nimpe yeye.

Mpe akishapita mtihani uleule niliompa mdogo wangu hapo juu, nyumba zilizouzwa na ushahidi wake. Mkataba muandike, muda, kamisheni, ofa zote zikufikie wewe. Na mwambie leo, mbele ya mwenzi wako, kwamba wiki 10 zikiisha bila mnunuzi unampa mtu mwingine. Akinuna, ni heri anune sasa kabla hamjaanza.