Magunia saba, yanajumlishwa mawili tu

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Ninajifunza C, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, hapa Mbale. Nimeandika programu ya kujumlisha kilo za kahawa: 62, 58, 60, 61, 59, 63, 57. Fanksheni yangu, jumla(int kilo[7]), inatafuta idadi yenyewe kwa sizeof(kilo) / sizeof(kilo[0]). Jibu linakuja 120 badala ya 420. Kwa nini?
— Msomaji, Mbale

JIBU: Ndugu yangu, 120 ni 62 na 58. Magunia matano yameachwa nje, na kwa mkulima aliyeyabeba kutoka mlima Elgon hilo si jambo dogo.

Unapoipa fanksheni safu (array), yaani namba zilizopangwa mfululizo kama kilo zako, C hainakili namba hizo. Inapeleka anwani ya ile ya kwanza tu. Hata ukiandika int kilo[7] kwenye mabano ya fanksheni, kompaila, programu inayotafsiri msimbo wako, inasoma int *kilo, yaani pointa: kitu kinachoshika anwani. Ile 7 haihesabiki. Kwa hiyo sizeof, inayopima ukubwa kwa baiti, inapima pointa na si safu. Kwenye kompyuta yako pointa ni baiti 8 na int ni baiti 4. Nane kwa nne, mbili. Kompaila ya GCC hutoa onyo kuhusu jambo hili, kwa hiyo usiruke maonyo yake.

Ninafurahi kwamba ulitafuta jumla. Ungetafuta wastani, 120 kwa 2 ni 60, na 420 kwa 7 ni 60 vilevile! Kosa lingejificha na ungeipeleka programu kwa watu.

Idadi ihesabiwe pale safu ilipotangazwa, kisha uipeleke pamoja na pointa:

int jumla(const int *kilo, int idadi) {
  int j = 0;
  for (int i = 0; i < idadi; i++)
    j += kilo[i];
  return j;
}

Ndani ya main iite hivi: jumla(kilo, sizeof kilo / sizeof kilo[0]). Huko kilo bado ni safu kamili: 28 kwa 4, unapata 7.

Kuandika kilo[i] ni sawa na *(kilo + i), ndiyo maana pointa inakubali mabano ya safu bila shida. Hiyo const, inayokataza fanksheni kubadilisha namba, usiiondoe. Fanksheni inashika namba zako halisi, na bila const mstari mmoja mbaya unaweza kubadilisha uzito wa gunia la mtu. Ukipeleka 8 badala ya 7, C haitakuzuia: itasoma chochote kilicho baada ya safu na kukijumlisha na kahawa.