Kutoka shira ya kopo hadi nafaka nzima: yaliyonipata Malindi

Ndugu, umesema umepika bia ya nyumbani mara mbili kwa shira ya kimea ya kopo, zote zikatoka zachoma koo na kuumiza kichwa, na sasa wataka kuhamia nafaka nzima, yaani kuanza na kimea chenyewe badala ya shira, ukiamini kopo ndilo bovu. Nakaa mtaa wa Barani, hapa Malindi, ambako usiku wa Februari hata paka hulala sakafuni. Kopo halina kosa. Joto ndilo.

Nami nilipita hapo hapo. Hamira ya kawaida ya bia ya eli (ale, bia ichachayo kwenye joto la wastani) hutaka nyuzi 18 hadi 22. Chumba changu wakati wa kaskazi ni 30, na ndani ya ndoo ya kuchachushia huzidi, maana hamira ikifanya kazi hutoa joto lake yenyewe. Ikichacha moto namna hiyo huzaa zile pombe nzito zinazogonga kipaji siku ya pili. Ungetia shayiri ya dhahabu, ungekunywa bia ile ile. Nikaiweka ndoo ndani ya beseni la maji, nikaivisha kikoi kilicholowa (sijakivaa tena), nikawa nabadilisha chupa za barafu asubuhi na jioni kwa siku nne za mwanzo. Ikashuka hadi 22. Siku hizi natumia kveik, hamira ya mashambani ya Norwei, ambayo nyuzi 35 kwake ni raha tupu.

Hilo likikaa sawa, njoo kwenye nafaka. Usinunue masufuria matatu na pampu kama wale wa video. Sufuria la lita 30, kipimajoto, na mfuko wa kitambaa cha pazia jepesi wa kutilia nafaka ndani ya sufuria; wangu alinishonea fundi cherehani, akaniuliza kama nachuja tui la harusi.

Kosa langu kubwa lilikuwa kusaga. Nilipeleka kilo 3 za kimea cha shayiri kwenye mashine ya unga, nikarudi na unga kweli. Ulipoingia kwenye maji ya moto ukashikana kama ugali; niliunyanyua mfuko, halikudondoka tone. Nikaukamua kwa mikono miwili hadi mshono ukaachia, uji ukanimwagikia miguuni. Kimea hakitaki kusagwa, chataka kupasuliwa: punje ifunguke, ganda libaki, maana ganda ndilo linaloachia njia ya maji. Sasa natwanga kwenye kinu, kidogo kidogo, mchi mwepesi. Mkono unauma, lakini maji yanapita.

Kwa kilo 3 hizo natia maji lita 20 yaliyofika nyuzi 69. Nafaka ikiingia hushuka hadi 66. Nafunika kwa blanketi saa nzima. Hapo vimeng'enya vya kimea vyenyewe ndivyo vinavyogeuza wanga kuwa sukari, ile kazi uliyokuwa ukifanyiwa kiwandani kabla ya kopo kufungwa. Ukikaa 63 bia hutoka nyepesi na kavu. 69, nzito na tamu kidogo. Ukitia nafaka kwenye maji ya 80 vimeng'enya vingi hufa, sukari ikapungua. Maji yawe ya bomba, yalale wazi usiku kucha klorini itoke. Kisima chetu kina chumvi, nilijaribu mara moja tu. Machicha wape kuku.

Mfuko ukishatoka, unachemsha maji yale matamu saa moja na hopsi, maua yanayoipa bia uchungu na harufu. Naishia na lita 13, kipimo cha sukari 1.045 (uzito wake ukilinganishwa na maji matupu), kikishuka hadi 1.010 baada ya kuchacha ni pombe asilimia 4.6 hivi.

Sasa tatizo ambalo mimi sikuambiwa. Kwa kopo ulikuwa ukichemsha maji kidogo, ukajazia baridi, yakapoa. Kwa nafaka unachemsha yote, na maji ya bomba ya Malindi yenyewe ni vuguvugu, koili ya kupozea (bomba la kuzungusha maji baridi ndani ya sufuria) haikufikishi mbali. Nilihangaika na barafu mara mbili, ya tatu nikaacha: namimina yakiwa bado yanatokota kwenye dumu gumu linalostahimili moto, nafunga kifuniko, nalilaza ubavu ili moto uguse kila pembe, nalala. Asubuhi limekaribia nyuzi 30. Kwa kveik hapo hapo naitia. Ukiwa na hamira ya kawaida, dumu liende kwanza kwenye beseni na kikoi.