Unaanza kazi ya kuhamisha mapicha ya zamani? Soma hapa kwanza

Wadogo zangu mliopewa kazi ya kubadili fomati za picha za zamani, yani zile PCX, TGA, BMP na TIFF zinazotoka kwenye flopi na sidii za miaka ya 90, faili ya asili haiguswi. Kopi folda nzima, fanyia kazi kopi. Hasa kama unatumia ImageMagick, ile programu ya kubadili picha kwa kuandika amri, maana amri ya mogrify ukiiendesha bila kuweka -format png inaandika juu ya faili ile ile na imetoka hiyo.

Halafu msiamini herufi za mwisho wa jina. Watu walikuwa wanabadili jina tu wakidhani wamebadili fomati, unakuta imeandikwa .jpg kumbe ndani ni BMP. Angalia baiti za mwanzo: BMP inaanza na BM, GIF na GIF87a au GIF89a, TIFF na II au MM, PCX na baiti 0A (kwa hesabu ya hex). Kwenye Linux amri ya file inakusomea fasta.

Sasa hapa ndio nataka mnisikie vizuri, msipeleke kwenye JPEG. Najua inakuwa nyepesi na inafunguka popote, ila JPEG ni ya picha za kamera, inapunguza ukubwa kwa kutupa taarifa, ukiipa mchoro wa rangi 16 wenye maandishi makali basi pembeni ya kila herufi kunatapakaa uchafu na zile rangi 16 zinageuka mamia, na huwezi tena kuzirudisha. Inauma sana kuona kazi ya mtu imeharibiwa hivyo wakati PNG ipo toka 1996, inabeba paleti (ile orodha ya rangi za picha) ya hadi rangi 256 kama ilivyo na haipotezi pikseli hata moja. Kurasa za nyeusi na nyeupe tupu, kama TIFF za faksi zilizobanwa kwa njia inayoitwa Group 4, ziacheni kwenye biti 1. TIFF pia inaweza kuwa na kurasa nyingi ndani ya faili moja, hesabu zimeingia ngapi zimetoka ngapi. Na kama ni CMYK, yani rangi nne za wino wa matbaa, usiilazimishe iwe PNG, PNG haina CMYK, iache TIFF.

PCX ya rangi 256 inaweka paleti yake mwishoni kabisa, baiti 769 za mwisho, kwa hiyo ikikatika sababu ya flopi mbovu inaweza kufunguka vizuri tu ila rangi za ajabu ajabu. Usihangaike na programu, tafuta kopi nyingine. Na picha za 320x200 mkiziona zimebonyea msizivute, skrini za enzi zile zilikuwa zinazirefusha zenyewe zijae 4:3, wewe andika maelezo pembeni pikseli ziache.

Ukimaliza usikague kwa macho, macho yanachoka mapema sana. Tumia magick compare -metric AE, ipe ya zamani, mpya, na null: mwishoni. Ikitoka 0 hakuna pikseli iliyobadilika. Ikitoka namba nyingine, faili hiyo itenge kwenye folda yake uirudie moja moja kwa mkono, mara nyingi utakuta shida ni paleti au uwazi (transparency), TGA za biti 32 ndio zinasumbua zaidi hapo.