Usiweke hiyo fyuzi ya 30, mkuu

Usiweke. Hiyo fyuzi ya kijani ambayo fundi amekuahidi kuja nayo Jumamosi, usimruhusu hata aitoe mfukoni.

Umeandika kwamba Corolla 110 yako ya 1998 inaunguza fyuzi ya CIG (ya kiwashio cha sigara pamoja na redio) ya ampea 15 kila baada ya siku mbili tatu, tangu ulipofungiwa redio mpya na amplifaya. Ukienda safari ndefu unasikia harufu ya plastiki karibu na redio. Na fundi kakwambia, "hiyo ya 15 ni ndogo, tuweke ya 30 haitakata tena." Ni kweli haitakata, na ndiyo maana gari itaungua. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi na fundi wangu, nikayakubali, na dashibodi ikaungua ikabaki chuma kitupu. Kwa hiyo nivumilie nikiandika kwa ukali.

Fyuzi inalinda waya. Redio ikifa unanunua nyingine, lakini waya ukiungua unaondoka na gari nzima. Waya wa kiwashio cha sigara kwenye magari ya namna hii ni mwembamba. Tuuchukulie una milimita mraba 0.85. Kila mita moja ya shaba ya unene huo ina ukinzani wa ohmu 0.02 hivi. Ampea 10 zikipita humo, mita moja inatoa joto la wati 2, halikudhuru. Zikipita ampea 30, joto haliongezeki mara tatu, linaongezeka mara tisa: wati 18 kwa kila mita. Tena waya huo hauko kwenye upepo. Umefungwa tepu pamoja na wenzake, umebanwa nyuma ya plastiki, na ganda lake liliundwa kuvumilia nyuzi joto 80 hivi lilipokuwa jipya. Gari yako ina zaidi ya miaka 25 na imeshinda juani. Ganda hilo limekauka, ukilikunja linapasuka.

Fyuzi ya 30 inabeba ampea 28 saa nzima bila kukatika. Ndani ya saa hiyo waya umeshaiva, ganda limelainika, umegusa wenzake, na kile kifurushi chote kinaanza kuyeyuka pamoja, ukiwemo ule wa taa na ule wa swichi. Ile harufu unayoisikia sasa hivi ni ganda linaloanza kuiva, na bado uko kwenye ya 15! Anayekufungia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara ni mbaya zaidi, maana hiyo haina namba kabisa.

Fundi anayekwambia uongeze namba hajafungua kitu, hajapima kitu. Anachukua elfu tano yake anaondoka, wewe unaipaki gari chini ya dirisha wanakolala watoto. Nina hasira na hawa watu na sitaificha.

Sasa fanya hivi. Fungua nati ya taminali hasi ya betri kwa spana namba 10, kisha chomoa fyuzi iliyoungua uitazame kwenye mwanga. Ikiwa kijiwaya cha ndani kimeyeyuka kikaacha pengo dogo, safi, mzigo umezidi polepole. Ikiwa plastiki imeingia weusi na chuma kimetapakaa ndani, kuna shoti kamili, waya umegusa bodi.

Kwa shoti, acha kuteketeza fyuzi mpya kwa kubahatisha. Chukua balbu ya breki ya wati 21 na kishikio chake, unganisha waya zake mbili kwenye matundu mawili ya fyuzi ya CIG. Chomoa redio, chomoa chaja zote, rudisha betri, washa swichi ya ufunguo. Balbu hairuhusu hata ampea 2 kupita, kwa hiyo hakuna kitakachoungua. Ikiwaka kwa nguvu zote wakati kila kitu kimechomolewa, shoti ipo. Anza kutikisa nyaya sehemu moja moja. Pale balbu itakapozima ghafla ndipo penye jeraha. Anzia ndani ya tundu la kiwashio chenyewe, maana sarafu ikidumbukia humo inatosha. Kisha nyuma ya redio, hasa kile kiboksi kidogo cha kuongezea masafa ya redio za Japani, waya wake hubanwa na bano la chuma redio inaporudishwa. Halafu chini ya zulia kwenye reli ya kiti.

Kama shoti hakuna, basi ni mzigo, na nakisia fundi amechukua umeme wa amplifaya kutoka waya wa redio. Tazama fyuzi zilizo kwenye amplifaya yenyewe. Zikiwa mbili za 20, hiyo inaweza kudai ampea 40 kutoka kwenye waya wa 15! Ipe waya wake moja kwa moja kutoka betri, milimita mraba 8, na fyuzi ya 40 isiyozidi sentimita 30 kutoka kwenye taminali. Fyuzi ikikaa kule nyuma karibu na amplifaya, mita zote za katikati hazina mlinzi. Mahali waya unapotoboa bati la injini kuingia ndani, weka mpira wa tundu, la sivyo ukingo wa bati utaukata taratibu kwa mtikisiko. Kwangua waya kwa kisu kabla hujalipia: ukiona weupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba, inapata joto zaidi, hivyo nunua mnene zaidi au uuache.

Kuna moto mmoja ambao hata fyuzi sahihi haiuoni. Ni kiungio cha kusokota kwa vidole na kufunga tepu nyeusi. Kikilegea kikawa na ohmu 0.1 tu, ampea 10 zinatoa wati 10 mahali padogo kama punje ya mahindi. Fyuzi inaona ampea 10, inatulia, huku plastiki inaungua. Vyote vilivyosokotwa nyuma ya redio vikatwe, vichomewe risasi au vibanwe kwa viungio vya kubana, vifunikwe kwa mpira wa kusinyaa. Tepu gundi yake inayeyuka kwenye joto la Dar, inateleza, waya unabaki uchi.

Ile spana namba 10 ikae kwenye mfuko wa mlango. Moshi ukitoka kwenye dashibodi, zima swichi, shusha watu, kisha toa hasi ya betri, kwa sababu nyaya nyingine zina umeme hata swichi ikiwa imezimwa. Mtungi wa unga wa kilo moja unaisha kwa sekunde chache, na waya ulio na umeme utawasha tena.

Usiku huu toa redio, acha tundu la CIG bila fyuzi, piga picha ya nyuma ya dashibodi na ya fyuzi iliyoungua, uzitupie hapa. Jumamosi fundi akija, mwambie aje na balbu ya breki.