Kabla hujanunua kompyuta ya gemu iliyoungwa tayari, fungua ubavu wake

Tangazo la kawaida husomeka hivi: kompyuta ya gemu, Core i7, RAM 16GB, kadi ya 4GB, taa za rangi. Maneno hayo yote hayakuambii mashine ina uwezo gani. i7 ipi? Core i7-2600 ni ya mwaka 2011, i7-4790 ni ya 2014, na zote mbili zinaachwa mbali na Core i3-12100F ya 2022, ambayo nayo ina viini (core) 4 tu. "Kadi ya 4GB" inaweza kuwa GT 730 au GTX 1650. Kumbukumbu ni ileile, lakini ya kwanza haifai hata kuitwa kadi ya gemu. Dai namba kamili za prosesa, kadi ya grafiki, mazabodi (ubao mkuu) na pawa saplai (kisanduku kinachogawa umeme). Muuzaji akisema hazijui, mwombe abonyeze Ctrl+Shift+Esc, afungue ukurasa wa Performance na akutumie picha. Hiyo inakupa jibu la prosesa, RAM na kadi. Mazabodi na pawa saplai zitasubiri bisibisi.

Mimi huanza na pawa saplai, kwa sababu ndiko wauzaji wanakobana gharama. Usisome namba kubwa iliyoandikwa ubavuni, tafuta jedwali dogo kwenye lebo na uangalie mstari wa 12V. Prosesa na kadi hula humo karibu umeme wote. Ukikuta 22A, zidisha kwa 12: unapata wati 264, hata kama lebo imeandikwa 500W kwa wino mwekundu. Sasa piga hesabu. Kadi ya RTX 4060 hula wati 115, prosesa ya Core i5-12400F inaweza kupanda hadi 117, hapo ni 232 kabla hujahesabu feni, diski na mazabodi yenyewe. Pawa saplai hiyo inahema tangu siku ya kwanza. Dalili yake ni hii: gemu likipamba moto, mashine inazima ghafla kama umeme umekatika, bila skrini ya bluu wala ujumbe wowote. Watu wengi hukimbilia kubadilisha RAM au kupiga Windows upya, na tatizo linabaki palepale. Kwa RTX 4060, NVIDIA inapendekeza wati 550. Alama ya 80 Plus nayo inaeleza ufanisi wa matumizi ya umeme tu, haikuhakikishii kwamba vipuri vya ndani ni imara.

Kariakoo (Dar es Salaam) na Luthuli Avenue (Nairobi) utakutana sana na mashine za ofisi zilizogeuzwa za gemu: Dell OptiPlex au HP EliteDesk za mtumba, zimechomekwa kadi na kubandikwa taa. Si lazima uzikimbie, ila zijue mipaka yake. OptiPlex 9020 ya mnara ina pawa saplai ya wati 290, na plagi kuu inayoingia kwenye mazabodi ina pini 8 badala ya zile 24 za kawaida. Kwa hiyo pawa saplai ya dukani haiingii bila waya wa kugeuzia. Humo weka kadi inayojitosheleza kwa umeme wa PCIe, ile nafasi inapochomekwa kwenye mazabodi, yaani isiyozidi wati 75 na isiyo na tundu la waya wa ziada: GTX 1050 Ti, GTX 1650 (baadhi ya matoleo yana tundu hilo, angalia), au RTX 3050 ya 6GB inayokula wati 70. Kasha likiwa lile jembamba la SFF, kadi lazima iwe ya nusu kimo.

Ukiona fundi ametoa umeme wa kadi kwenye plagi ya SATA ya diski kwa waya wa kugeuzia, ondoka. Plagi ya SATA imeundwa kupitisha wati 54 kwenye 12V, ilhali kadi yenye tundu la pini 6 inaruhusiwa kuvuta hadi 75. Plastiki huanza kuwa ya kahawia, kisha huyeyuka.

Kadi ya RX 6400 huonekana inafaa mashine hizi za ofisi kwa kuwa inakula wati 53 tu, lakini inatumia njia 4 pekee za PCIe na ilitengenezwa kwa PCIe 4.0. Kwenye mazabodi ya zamani yenye 3.0 inapungua nguvu waziwazi, na kwenye i7-2600 yenye 2.0 hali ni mbaya zaidi. Kuna na suala la Windows. Microsoft ilisitisha huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inaanzia Intel kizazi cha 8 pamoja na TPM 2.0 (chipu ya usalama). Kuna njia za kuisukuma iingie kwenye mashine kongwe, lakini gemu la Valorant, likiwa juu ya Windows 11, hudai TPM 2.0 na litakugomea.

Kadi bandia bado zipo. GTX 1050 Ti halisi haina tundu la VGA, kwa hiyo ukiona lile tundu la bluu la pini 15 nyuma ya "1050 Ti", yaelekea ni chipu kongwe iliyoandikwa jina jipya. Fungua GPU-Z, programu ya kukagua kadi, uangalie idadi ya shaders (viini vidogo vya kadi): 1050 Ti inazo 768, GTX 1650 inazo 896.

Kisha ijaribu kwa nusu saa. Washa HWiNFO (huonyesha joto na kasi), endesha Cinebench R23 (hutwisha prosesa mzigo) kwa dakika 10 na uangalie kasi ya prosesa, usihangaike sana na alama. i5-12400F yenye afya hukaa karibu na 4.0 GHz viini vyote vikifanya kazi. Ikishuka sana huku joto likiwa nyuzi 65 tu, yaelekea mazabodi ndiyo inayoibana umeme. Ikishuka joto likiwa nyuzi 95 au zaidi, tatizo ni upoozaji: feni dogo, au kasha lenye kioo mbele kisicho na pa kuvutia hewa. La pili linatibika kwa feni la mbele na kipoozaji kipya. La kwanza hutegemea BIOS (mipangilio ya ndani ya mazabodi), na kwenye mashine za kampuni kubwa mara nyingi mpangilio huo umefungwa.

Kwenye gemu lenyewe, wastani wa fremu (picha zinazochorwa kwa sekunde) unadanganya. Fremu 90 kwa sekunde zinazoanguka hadi 25 kila ukigeuka zinaudhi kuliko 60 zilizotulia. Sababu ya kawaida ni kijiti kimoja cha RAM. Vijiti viwili vya 8GB hushinda kimoja cha 16GB, na penye nafasi nne, kwa kawaida huwekwa kwenye ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa.

Kuhusu kuiboresha baadaye, soketi, yaani tundu la prosesa kwenye mazabodi, ndiyo inayoamua. AM4 ya AMD ndiyo niipendayo kwa bajeti ndogo: mazabodi ya B450 yenye Ryzen 5 1600 inaweza kupokea Ryzen 5 5600, ila BIOS isasishwe kabla hujang'oa prosesa ya zamani, la sivyo utabaki na skrini nyeusi. LGA1700 inabeba Intel vizazi vya 12 hadi 14. i7-4790 iko karibu na kilele cha soketi yake, kwa hiyo hatua inayofuata ni kununua mazabodi, prosesa na RAM kwa pamoja, na bei ya mashine ihesabiwe hivyo.

Kama mashine imetoka Marekani, tazama nyuma ya pawa saplai kabla ya kuchomeka. Ikiandikwa 100–240V, iko salama. Ikiwa na kiswichi chekundu kinachosoma 115, kisukume hadi 230 kwa ncha ya bisibisi kabla waya haujagusa ukuta.